Tangi la Samaki Nyumbani: Tutunze Maji Kwanza

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia sebuleni. Siku hizi si ajabu kukuta tangi dogo la kioo lenye samaki wa rangi mbalimbali katika nyumba za mijini, katika saluni na hata katika vyumba vya kungojea daktari. Ni pambo zuri. Watoto hulipenda, wazee huliangalia bila kuchoka, na mgeni hupata la kuzungumzia. Lakini pia si ajabu kulikuta tangi hilohilo, miezi miwili baadaye, limewekwa nyuma ya nyumba, kavu, limejaa chupa tupu. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwa kifupi: "Samaki walikufa."

Nasi yalitupata. Mtoto wetu alipotimiza miaka saba tulimnunulia tangi la lita 54, kokoto za rangi, pampu ya hewa na samaki 15. Vyote vilifika nyumbani siku moja, na jioni ileile samaki walikuwa wakiogelea. Siku ya tatu maji yalianza kuwa na ukungu. Siku ya tano samaki wawili walikufa. Tukafanya kile ambacho mtu yeyote anayependa usafi angekifanya: tulimwaga maji yote, tukasugua kokoto na sponji kwa sabuni, kisha tukajaza maji mapya ya bomba. Kesho yake asubuhi alikuwa amebaki samaki mmoja tu, naye hakufika jioni.

Mtoto aliuliza ni nani aliyewaua. Mmoja wetu, kwa uchovu, alimjibu kwamba ni yeye mwenyewe, kwa kuwa aliwapa chakula kingi mno. Alilia mpaka akalala.

Baadaye, tulipojifunza mambo haya vizuri, tulitambua kwamba jibu lile halikuwa la kweli. Samaki wale tuliwaua sisi watu wazima, kwa haraka yetu, na kwa usafi usiokuwa na maarifa. Ndiyo maana tunaandika makala hii. Tunapenda wewe uanze pale tulipopaswa kuanza sisi.

NI NINI HUWAUA?

Wengi hudhani kwamba samaki wa tangini hufa kwa ugonjwa au kwa njaa. Ni mara chache. Katika majuma ya mwanzo, adui mkubwa ni uchafu wa samaki wenyewe.

Samaki wa mtoni akienda haja, maji huichukua na kuipeleka mbali. Samaki wa tangini hana mto. Anakula, anapumua na kwenda haja katika maji yaleyale. Kwa hiyo tangi ni sawa na nyumba ya chumba kimoja ambayo jiko, kitanda na choo vyote vimo ndani ya kuta nne. Nyumba ya namna hiyo inakalika tu ikiwa yupo mtu wa kuzoa uchafu kila saa.

Taka za samaki, pamoja na mabaki ya chakula, hutoa amonia, ile yenye harufu kali kama mkojo uliolala. Amonia huunguza matamvua, yaani sehemu za kupumulia zilizo chini ya vifuniko vya mashavu ya samaki. Samaki huja juu kuhema, rangi hufifia, kisha hufa.

Wazoaji wa uchafu huo wapo. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivi si vijidudu vya kuogopwa. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Hiyo nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo tunaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Mimea ya majini nayo huitumia kama mbolea.

Basi, vijidudu hivi havielei sana majini. Hujishikiza kwenye kokoto, kwenye vioo na hasa kwenye sponji ya kichujio. Tena huongezeka polepole: katika tangi jipya huchukua majuma manne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Sasa msomaji unaona kosa letu. Kwanza tuliweka samaki 15 katika nyumba isiyokuwa na mzoaji hata mmoja. Pili, wachache walipoanza kuingia, tukawaua kwa sabuni na klorini.

Jambo hili la uwiano lina historia. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini katika chombo kimoja. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, lakini majani ya mmea yalipoanza kuoza maji yaliharibika. Akaongeza konokono, nao wakala uozo ule, na maji yakatulia. Miaka mitatu baadaye, 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kuonyesha samaki hai kwa watu wote. Tangu mwanzo, kilichowezesha ufugaji huu ni mtu kuelewa maji.

TANGI NA MAHALI PAKE

Watu wengi huanza na bakuli la duara kwa kudhani kwamba kilicho kidogo ni rahisi. Ni kinyume chake. Maji machache huchafuka haraka, hupata joto haraka na hupoa haraka. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54, nalo ni dogo la kutosha nyumba ya kawaida. Usianze na dogo zaidi ya hapo kama una uwezo.

Kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha vioo na kokoto, tangi hilo hukaribia kilo 70. Meza ya kahawa yenye miguu myembamba haifai. Liwekwe mahali pa kudumu, kwa maana tangi lililojaa halihamishwi.

Ukitengenezewa na fundi wa vioo, mwambie atumie gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Liache gundi ikauke siku kadhaa, kisha lijaze maji nje ya nyumba na kulitazama kwa siku nzima kabla ya kuliingiza ndani.

Epuka dirisha linalopigwa na jua, maana maji yatakuwa ya kijani na yenye joto kali. Epuka pia jikoni penye moshi. Na hapa tunaomba usikilize vizuri: dawa za mbu za kupulizia ni sumu kali kwa samaki, hata kiasi kidogo tu. Pampu ya hewa huivuta dawa hiyo na kuiingiza majini. Siku ya kupulizia dawa, zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, na usiwashe mpaka chumba kimepata hewa safi. Vivyo hivyo, usikate chandarua kilichotiwa dawa ili kutengeneza mfuniko wa tangi au wavu wa kukamatia samaki. Dawa inayoua mbu kwenye chandarua huua na samaki.

MAJI GANI?

Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili yasituletee magonjwa. Klorini hiyo ni neema kwetu, lakini kwa samaki na kwa vijidudu wazoaji ni kifo. Kinga maji katika ndoo, yaache siku nzima usiku na mchana, na klorini ya kawaida itatoka yenyewe hewani. Katika maduka ya samaki wa mapambo hupatikana pia dawa ya matone ya kuondoa klorini mara moja, nayo ni lazima pale ambapo mamlaka ya maji hutumia aina ya klorini isiyotoka kwa kuachwa tu.

Maji yaliyotiwa dawa ya kunywa ya nyumbani yasitumike kabisa. Maji yaliyochemshwa yamepoteza oksijeni, hivyo hayafai mpaka yapoe na kukorogwa sana. Maji ya kisima karibu na bahari mara nyingi yana chumvi nyingi. Maji ya mvua ya bati safi yanaweza kuchanganywa na ya bomba, lakini si yale ya mvua ya kwanza yanayoosha vumbi la paa.

Joto linalofaa kwa samaki wengi wadogo wa nchi za joto ni nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Katika miji ya pwani, miezi ya Januari na Februari, maji ya tangini yanaweza kupita nyuzi 30. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 inaweza kushika miligramu 9 hivi, na ya nyuzi 30 miligramu 7 na nusu tu. Kwa hiyo wakati wa joto ongeza mapovu ya hewa, na elekeza feni juu ya uso wa maji. Walio nyanda za juu kama Njombe, Mbeya au Lushoto wana shida ya upande wa pili. Mwezi wa Juni na Julai watahitaji kifaa cha kupasha maji joto.

SUBIRA YA MAJUMA SITA

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Tangi limejaa, kokoto zinang'aa, pampu inavuma, na mtoto anauliza kila asubuhi: "Samaki wanakuja lini?"

Washa kichujio usiku na mchana. Kile cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi na kinatosha. Weka pampu juu kuliko usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi nyuma kwa mpira na kuiingia. Kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki, ingawa samaki hawamo. Chakula hicho kitaoza na kutoa amonia, na wazoaji watapata cha kula. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake au mkono wa kokoto zake. Huo ni mbegu, nao hufupisha safari.

Zipo karatasi na dawa za kupimia amonia na nitriti. Vyote viwili vikionyesha sifuri siku kadhaa mfululizo, ilhali bado unatia chakula, tangi liko tayari. Usipoweza kupata vipimo, subiri majuma sita, kisha anza na samaki watatu tu, walishe kidogo sana, na ubadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu kwa mwezi wa kwanza.

SAMAKI GANI, NA WANGAPI?

Kwa anayeanza, tunashauri gapi. Asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi jirani, nako Trinidad ndiko alikopata jina la Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka vielelezo vyake London katika karne ya 19. Ni mdogo, mvumilivu, dume lake lina mkia wa rangi, na hula viluwiluwi vya mbu kwa furaha.

Ila gapi huzaa watoto hai, tena kila mwezi hivi, na jike aliyekwisha kupandwa anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume. Ukiweka jinsia zote, baada ya nusu mwaka hutakuwa na mahali pa kuwaweka. Kwa hiyo ni vema kuanza na madume peke yao.

Kipimo cha kukumbuka ni lita mbili za maji kwa kila sentimita moja ya samaki mdogo aliyekwisha kukua. Kwa gapi dume wa sentimita 3, tangi letu la lita 54, likipungua kokoto na nafasi ya juu, linatosha samaki saba au wanane. Waingize kwa makundi: watatu, kisha majuma mawili baadaye watatu, na kadhalika, ili wazoaji waongezeke sambamba na kazi.

Samaki wa dhahabu ni mzuri machoni, lakini hukua kupita sentimita 20 na huchafua sana. Si wa tangi dogo. Vifaranga vya perege na sato hukua haraka na kugeuka wababe. Wale samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wanaofugwa hata Ulaya na Marekani, ni fahari yetu, lakini wengi wao hugombania mipaka na huhitaji maji magumu na tangi kubwa. Waache kwanza upate uzoefu.

Dukani, tazama tangi zima kabla ya kuchagua. Kama yumo samaki aliyekufa, aliyekunja mapezi au mwenye madoa meupe, usinunue hata yule anayeonekana mzima. Ukifika nyumbani, eleza mfuko juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20, huku ukitia kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano. Kisha mhamishe samaki kwa wavu, na maji ya mfuko uyamwage nje.

KAZI ZA NYUMBA

Kila siku: Lisha mara moja au mbili, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili. Hesabu samaki. Tazama kama wanahema vizuri. Siku moja ya juma wasile kabisa, hawatadhurika.

Kila juma: Badilisha kati ya sehemu moja ya tano na robo ya maji. Kwa tangi letu ni nusu ya ndoo ya lita 20, au kuzidi kidogo. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira. Rudisha maji yaliyokaa siku nzima, yenye joto linalokaribiana na ya tangini. Usibadilishe maji yote kamwe.

Kila mwezi: Kamulia sponji ya kichujio ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usiioshe kwa maji ya bomba, wala kwa sabuni. Ikionekana ya kahawia, usijali. Huo ukahawia ndio wazoaji wako.

Umeme ukikatika, samaki wachache katika tangi lisilosongamana hustahimili saa kadhaa. Usiwalishe wakati huo. Ukiendelea kukatika, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, ili yapate hewa.

WAKIUGUA

Samaki akiugua, pima maji au badilisha robo ya maji kabla ya kufikiria dawa. Mara nyingi hiyo peke yake hutosha.

Ugonjwa unaojulikana sana ni wa madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Husababishwa na kimelea kinachojificha chini ya ngozi ya samaki, kisha hudondoka, huzaana, na watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa hukipata katika hatua hii ya kuogelea tu, ndiyo maana tiba haikatizwi siku madoa yanapotoweka. Kwa gapi, chumvi ya kawaida gramu 2 kwa kila lita, ikayeyushwa kwanza na kutiwa kidogo kidogo kwa siku mbili, husaidia vizuri. Endelea kwa siku kumi au zaidi. Mimea mingine haiipendi chumvi, basi iondoe.

Jambo moja tunalikataza kabisa: usifungue kapsuli za dawa za binadamu na kuzimwaga tangini. Huua wazoaji wa uchafu, na hujenga vijidudu sugu ambavyo kesho dawa hizo hazitaviweza, vikiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe.

AFYA YA WENYE NYUMBA

Tangi likitunzwa halina hatari kubwa. Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba.

1. Mikono. Nawa kwa sabuni baada ya kugusa maji ya tangi, na uisuuze vizuri kabla ya kuyagusa. Maji yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Usioshe vyombo vya tangi kwenye sinki la jikoni, na usinyonye mpira kwa mdomo. Ujaze maji, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha teremsha ncha moja ndooni.

2. Vidonda. Kipo kijidudu cha jamii ya kile cha kifua kikuu, ambacho huishi majini na kwa samaki. Kiliainishwa mwaka 1926 kwa samaki wa baharini huko Philadelphia. Kikiingia kwenye mchubuko wa mkono, baada ya majuma kadhaa hutokea uvimbe au kidonda kisichopona, na wakati mwingine huongezeka vingine kupanda mkono. Hakiambukizi kwa kukohoa. Hutibika, lakini kwa dawa za miezi kadhaa. Ukiwa na jeraha, vaa glavu au mwachie mwingine kazi. Wenye upungufu wa kinga mwilini wafanye hivyo siku zote. Na ukienda kwa daktari na kidonda cha namna hiyo, mwambie kwamba unafuga samaki; bila hivyo anaweza kudhani ni jipu tu.

3. Konokono na kichocho. Warington alifanikiwa kwa konokono, lakini sisi tusiige kwa kwenda kuwachota bwawani. Konokono wa mabwawa, mifereji na kingo za ziwa katika nchi zetu wanaweza kubeba kichocho. Konokono mwenye maambukizo hutoa majini vijidudu vinavyopenya ngozi. Utakuwa umeleta bwawa sebuleni, na kila unapotumbukiza mkono unajiweka hatarini. Usichote maji huko, wala mimea yenye konokono, wala usimtume mtoto kuingia majini kukutafutia. Nunua mimea iliyooteshwa kwenye matangi.

4. Umeme. Chomoa plagi zote kabla ya kutia mkono majini. Waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

5. Watoto wadogo. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika ndoo yenye maji ya sentimita chache. Ndoo ya kubadilishia maji isiachwe sakafuni bila mtu.

6. Mbu. Ndani ya tangi lenye gapi viluwiluwi hawana maisha. Lakini ndoo ya maji ya akiba na tangi lililoachwa bila samaki ni nyumba ya mbu, wakiwamo wale wa homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Funika ndoo. Tangi tupu likaushwe.

USIWAMWAGE MTONI

Ukichoka kufuga, au samaki wakizidi, usiwamwage mtoni, bwawani wala ziwani kwa kuwahurumia. Wape mfugaji mwingine au uwarudishe dukani. Mfano tunao karibu. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimepungua au kutoweka. Gapi si sangara, lakini maji hayarudishi kilichomwagwa.

KUNA FAIDA GANI?

Huenda msomaji ukauliza: kazi yote hii ya nini? Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliofanyika kwa watu waliokuwa wakingojea kung'olewa meno. Wale waliokaa wakitazama tangi la samaki walikuwa watulivu zaidi kuliko wale waliokaa tu. Nasi tumeliona hilo bila uchunguzi: baada ya kutwa yenye makelele, dakika kumi mbele ya tangi hupunguza maneno makali nyumbani.

Na iko faida nyingine. Mwaka uliofuata vifo vile, tulilitoa tangi letu nyuma ya nyumba, tukalisafisha kwa maji matupu, tukalijaza. Kabla ya hapo tulimwita mtoto, tukamweleza kwamba si yeye aliyewaua samaki wake. Tulimwambia kwamba ni sisi, kwa sababu hatukujua na hatukusubiri, na kwamba tulikosea kumtwika lawama. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa tutasubiri siku ngapi?" Tukamwambia 42. Akachora mistari 42 ukutani, nyuma ya mlango, na kila jioni alifuta mmoja baada ya kutia chembe zake za chakula katika maji yasiyo na samaki.

Madume watatu waliingia siku ya mstari wa mwisho. Wawili kati yao waliishi karibu miaka miwili, ambayo kwa gapi ni uzee wa heshima. Waliwafuata wengine, na tangi lingali pale sebuleni. Siku ya kubadilisha maji ni Jumamosi, na anayechomoa plagi kabla hatujakumbushana ni yeye.

Tunawatakia afya njema nyote, pamoja na wale wa ndani ya kioo. Tukutane tena mwezi ujao katika ukurasa huu.